Ufugaji wa Kuku: Kumjua Jogoo kwa Rangi ya Kifaranga

Mfugaji auzaye mayai hupata hasara asiyoiona upesi. Hulisha vifaranga wote kwa majuma mengi, kisha karibu nusu yao hutokea kuwa majogoo. Chakula kimekwisha, fedha zimekwenda, na yai hakuna. Lakini iko njia ya kuwatenga siku ile ile waanguliwapo, nayo ni kutazama rangi.

Chukua jogoo mwekundu wa Rhode Island Red, umchanganye na majike wa Light Sussex, wale weupe wenye manyoya meusi shingoni na mkiani. Wote wawe wa asili safi. Vifaranga wa kike watatoka na rangi ya hudhurungi kama baba yao. Wa kiume watakuwa wa manjano hafifu. Sababu ni hii: kwa ndege, yai la mama ndilo liamualo jinsia, na kuku jike wa Light Sussex huwarithisha weupe wake wana wa kiume peke yao.

Jihadhari na mambo mawili. Kwanza, ukigeuza, jogoo akawa Light Sussex na majike Rhode Island Red, vifaranga wote watakuwa weupe, wala hutawatambua. Pili, ukizalisha chotara hao wao kwa wao, rangi haitafuata jinsia tena. Hivyo yakupasa kurudia wazazi wale wa asili safi kila utakapo vifaranga wapya.

Majogoo walishwe mbali kwa ajili ya nyama, na chakula bora kiwafikie watakaotaga.