Mawe ya Parthenon: Hoja za London Zinapwaya Wapi

Kila mara Ugiriki inapodai sanamu zake, watetezi wa British Museum hutoa hoja zilezile. Wazisemao ni watu wenye elimu na lugha laini, ndiyo maana wengi huzipokea bila kuziuliza. Tuziulize basi.

Kwanza yale ambayo hakuna anayeyabishia. Hekalu la Parthenon lilijengwa juu ya kilima cha Acropolis mjini Athens kati ya mwaka 447 na 432 KK, kwa marumaru ya mlima Penteli, na Phidias ndiye aliyesimamia kazi ya sanamu. Kuanzia 1801, watu wa Lord Elgin, balozi wa Uingereza katika Dola ya Uthmaniyya iliyoitawala Athens wakati huo, waliondoa karibu nusu ya michongo iliyokuwa imesalia. London leo ina takriban mita 75 za ukanda wa michongo uliozunguka jengo kwa mita 160, mabamba 15 ya mraba yaliyokuwa juu ya nguzo, na sanamu 17 zilizokaa kwenye pembetatu za chini ya paa.

Hoja kubwa kuliko zote ni kwamba Elgin alikuwa na kibali. Haya, kibali kiko wapi? Kilichosalia ni tafsiri ya Kiitalia ya barua moja ya mwaka 1801, ambayo haikutoka kwa Sultani bali kwa kaimu wa Waziri Mkuu wake, kwa kuwa mwenye cheo alikuwa safarini Misri. Barua inawaruhusu wachoraji wa Elgin waingie Acropolis, wajenge majukwaa, wachore, wachukue nakala kwa plasta, wachimbe kutafuta maandishi, na wasizuiwe wakichukua vipande kadhaa vya mawe yenye maandishi au sura. Mtu aliyeruhusiwa kuokota vipande ardhini hajaruhusiwa kupandisha msumeno ukutani. Haya si maneno ya Wagiriki peke yao. Kasisi wa Elgin, Philip Hunt, aliyeishughulikia barua hiyo mwenyewe, aliulizwa na kamati ya Bunge la Uingereza mwaka 1816 kama kweli iliruhusu kubomoa. Akajibu kwamba hiyo ndiyo maana ambayo gavana wa Athens alishawishiwa kukubali barua iwe nayo. Alishawishiwa! Katika mji ambao maofisa walikuwa wakipokea zawadi za balozi, na mwaka ambao Waingereza walikuwa wamewasaidia Waturuki kuwafukuza Wafaransa Misri, si kazi ngumu kukisia ushawishi huo ulikuwa wa namna gani. Na mwaka 2024, katika kikao cha UNESCO mjini Paris, mwakilishi wa Uturuki, nchi iliyorithi nyaraka za dola hiyo, alisema hawaijui hati yoyote inayohalalisha jambo hilo.

Wengine huacha sheria wakakimbilia huruma: Elgin aliziokoa. Hapa pana chembe ya ukweli, na ni haki kuikubali. Wakazi walikuwa wakichoma marumaru kupata chokaa, na wasafiri wa Ulaya walikuwa wakivunja pua na vidole vya sanamu wapate kumbukumbu ya safari. Lakini mpango wa awali wa mwokozi huyu ulikuwa kuipamba nyumba yake ya Broomhall, Uskoti. Tena tazama kazi ilivyofanywa. Mawe ya ule ukanda yalikuwa sehemu ya ukuta wenyewe, mazito mno kusafirishwa, hivyo mafundi waliokuwa chini ya mchoraji Mwitalia Giovanni Battista Lusieri wakayakata kwa misumeno, wakachukua uso wenye mchongo na kuuacha mgongo. Msafiri Mwingereza Edward Daniel Clarke alishuhudia bamba moja likishushwa: jiwe la jirani liling'oka, likaanguka na kusambaratika. Mwaka 1802 meli ya Mentor ikazama karibu na kisiwa cha Kythera ikiwa na shehena ya mawe hayo, ikabidi wapiga mbizi wayatoe baharini. Yaliyofika London yalikaa kwanza bandani. Bunge liliyanunua mwaka 1816 kwa pauni 35,000, kwa kuwa Elgin alikuwa na madeni.

Kuhusu hoja kwamba London huzitunza vizuri zaidi, jibu ni fupi. Mwaka 1937 na 1938 wafanyakazi wa British Museum walizikwangua baadhi ya sanamu kwa vyuma vya shaba ziwe nyeupe, kwa sababu tajiri Joseph Duveen, aliyekuwa akigharimia ukumbi mpya, alizitaka nyeupe. Wagiriki wa kale walizipaka rangi. Chembe za buluu bado zinaonekana kwa vifaa vya kisasa. Na kama Athens ilikosa mahali pa kuziweka, tangu Juni 2009 ina Jumba la Makumbusho la Acropolis, ambalo ghorofa yake ya juu imeelekezwa sambamba na hekalu lenyewe.

Ila upande wa pili nao una chumvi zake. Husemwa kwamba Elgin ndiye aliyeliharibu hekalu. La hasha. Wakristo walipoligeuza kanisa walibomoa sehemu ya katikati ya sanamu za mashariki. Tarehe 26 Septemba 1687 kombora la jeshi la Venezia, chini ya Francesco Morosini, liliangukia baruti ambayo Waturuki waliihifadhi ndani, na jengo likapasuka katikati. Kisha Morosini akajaribu kuzishusha sanamu za farasi za magharibi, zikaanguka zikavunjika. Wengine nao walichukua chao: bamba moja la upande wa kusini lina miili London na vichwa Copenhagen. Kiwiliwili cha Poseidon kina mabega London na sehemu ya mbele ya kifua Athens. Wala si kweli kwamba sanamu zikirudi zitapandishwa tena hekaluni. Hewa chafu ya jiji imewafanya Wagiriki waishushe hata michongo iliyobaki, nayo iko katika Jumba la Makumbusho la Acropolis.

Inasemwa pia kwamba London ndiko dunia nzima inakoziona, tena bure. Dunia ipi? Mtu wa Dodoma anahitaji viza kwenda London, na anahitaji viza kwenda Athens.

Zamani watetezi wa London walitisha kwamba kikirudi kimoja makumbusho yote yatabaki tupu. Chuo Kikuu cha Heidelberg kilirudisha kipande cha Parthenon mwaka 2006, Palermo ikafuata, na Vatikani ikarudisha vitatu Machi 2023. Kumbi zao hazikubaki tupu. Hofu hiyo tunaijua hata sisi Watanzania, kila inapotajwa mifupa ya dinosaria wa Tendaguru iliyoko Berlin.

Inabaki sheria ya mwaka 1963, inayowakataza wadhamini wa British Museum kutoa mali zake. Hiyo inawafunga wadhamini, haiwafungi wabunge. Mwaka 1816 Bunge liliamua kununua kwa kura 82 dhidi ya 30. Sheria liliyoitunga lenyewe linaweza kuibadili kwa kura vilevile.