Tuiondoe sumu ya risasi kabla ya kukimbilia dawa

Wako wanaoamini kwamba mtoto aliyedhuriwa na madini ya risasi akishapewa dawa mambo yake yote yatanyooka. Imani hiyo ni ya hatari, na sisi walimu tuna wajibu wa kuipinga.

Si kwamba dawa hazipo. Wanakemia wametupatia kampaundi zinazoikamata ioni ya risasi mithili ya gando la kaa. Hata jina la matibabu hayo, kelesheni, limetokana na neno la Kiyunani lenye maana ya gando. EDTA yenye kalsiamu, kwa mfano, huiachilia kalsiamu hiyo ndani ya damu na kuishika risasi, kisha figo huitoa kwa njia ya mkojo. Saksima nayo humezwa.

Hata hivyo, si kila gando hufaa. EDTA yenye sodiamu pekee huinyang'anya damu kalsiamu yake, na moyo waweza kusimama. Mwaka 2005 mtoto alifariki Marekani kwa kupewa dawa hiyo. Basi asitokee mtu akawauzia wazazi "dawa ya kusafisha damu" vichochoroni.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unapendekeza kelesheni kwa mtoto wa miaka 10 au chini yake iwapo risasi imefikia maikrogramu 45 katika desilita moja ya damu. Lakini kuanzia maikrogramu 5 unataka chanzo cha sumu kitafutwe na kuondolewa.

Kwa nini? Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulihusisha watoto 780 wa Marekani waliokuwa na maikrogramu 20 hadi 44. Saksima ilipunguza risasi katika damu yao, walakini haikuinua uwezo wao wa akili. Maji yakimwagika hayazoleki.

Huko Zamfara, Nigeria, mwaka 2010 mamia ya watoto walifariki kutokana na vumbi la mawe ya dhahabu yaliyosagwa vijijini. Madaktari walisisitiza kwamba kijiji kisafishwe kwanza, ndipo watoto wake watibiwe. Kijiji cha Bagega kilisubiri hadi mwaka 2013. Ya nini kumwosha mtoto damu, kisha kumrudisha kwenye vumbi lile lile?

Hapa kwetu tunayo Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwadhuru wakazi hadi kilipofungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliwapa fidia ya Sh1.3 bilioni na kuamuru mazingira yasafishwe. Mahakama ya Rufaa iliutengua uamuzi huo, lakini Mahakama ya Juu ikairejesha fidia hiyo Desemba 2024.

Haki hiyo twaipongeza. Lakini fidia si tiba, wala tiba haimrudishii mwanafunzi akili iliyokwisha kuliwa na sumu. Serikali na ipime damu ya watoto wanaoishi karibu na viwanda vya aina hii, na izuie vingine visijengwe kando ya makazi na shule. Nasi walimu, tumwonapo mtoto anayesahau mno na kushindwa kutulia, tusiharakishe kumwita mzembe. Tuulize kwanza anaishi wapi na anacheza katika udongo gani.