Mgawo Usiohudhuriwa: Wito kwa Wakazi wa Shinyanga na Geita



Aliyewahi kusimama kando ya duara, yaani shimo la wachimbaji, siku ya kugawana mawe ya dhahabu hana haja ya kufundishwa namna ya kuilinda haki yake. Viroba hutolewa kimoja kimoja, hupangwa mafungu mafungu juu ya vumbi, na papo hapo husimama mwenye eneo, mwenye duara, vijana walioshuka chini usiku kucha, na hata mama ntilie aliyewakopesha chakula. Hapana aondokaye kwenda kuoga, wala hapana amwambiaye mwenziwe, "Nihesabie, nitakuja kesho," kwa kuwa kila mmoja ajua ya kuwa kiroba kikishaingia kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, hakina tena jina la mtu.

Lakini uko mgawo mwingine tusioulinda hivyo: hivi karibuni nilihudhuria mkutano mkuu wa kijiji katika ukanda wetu huu wa dhahabu. Madawati ya shule yaliletwa chini ya mwembe, mtendaji akafika na daftari lililofungwa kwa mpira wa baiskeli, nasi tuliokuwapo tukahesabika thelathini na wanane, aghalabu wazee, na kina mama wachache waliokuwa wakichambua choroko mapajani mwao. Karasha zilikuwa zikinguruma ng'ambo ya korongo, hata ikambidi msomaji apaze sauti. Taarifa ya mapato na matumizi ilisomwa kwa dakika chache. Fedha za saruji ya darasa zikatajwa kwa jumla yake, pasipo idadi ya mifuko. Pakaulizwa kama kuna swali, na swali halikuwako. Nami sikuuliza, na jambo hilo limenikosesha usingizi.

Kwani mkutano ule si baraza la mazungumzo. Sheria Na. 7 ya mwaka 1982, iliyozirudisha serikali za mitaa baada ya kuvunjwa mwaka 1972, imemfanya kila mkazi wa kijiji aliyetimiza miaka 18 kuwa mjumbe wa mkutano mkuu. Na mkutano huo ndio wenye mamlaka ya juu katika mambo ya kijiji, ndio wenye kuichagua halmashauri ya kijiji ya watu 15 hadi 25, na ndio wenye uwezo wa kuiondoa. Mamlaka hayo tumekabidhiwa kama amana, nasi tumeyaacha chini ya mwembe pamoja na madawati.

Na fedha zinazohusika si haba. Mgodi mkubwa hulipa halmashauri ya wilaya au mji ushuru wa huduma kutokana na mauzo yake; tena, kwa marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017, kila mwaka hupaswa kuandaa mpango wa kuihudumia jamii kwa kukubaliana na halmashauri. Katika mapato ya ndani ya halmashauri, asilimia 10 hutengwa kuwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa wenye ulemavu. Haya yote hupita katika vikao, na kikao cha baraza la madiwani ki wazi kwa raia yeyote atakaye kuketi na kusikiliza. Ni wangapi katika sisi tuliowahi kuketi humo? Na dhahabu, ndugu zangu, haioti mara ya pili. Mgodi wa Buzwagi, pale Kahama, ulifunguliwa mwaka 2009, na mwaka 2021 uchimbaji ulikuwa umekoma; mtoto aliyezaliwa ulipofunguliwa hakuwa amemaliza shule ya msingi ulipofungwa.

Watangulizi wetu hawakulichukulia jambo la baraza kuwa dogo. Mwaka 1958, katika Jimbo la Ziwa ambako TANU ilikuwa imenyimwa usajili tangu 1954, serikali ya kikoloni iliwaletea watu wa Geita baraza la wilaya la mchanganyiko wa rangi wasilolitaka. Wakalikataa hadharani, umati ukafunga safari hadi Mwanza kupeleka madai yake mbele ya wakubwa wa serikali, na ijapokuwa walitawanywa kwa nguvu, baraza lile halikusimama. Walikwenda kwa kuwa walifahamu ya kuwa akaaye katika kiti cha baraza ndiye atakayeamua habari za ng'ombe wao, pamba yao na kodi yao. Na mwanzoni mwa miaka ya 1980, wezi wa mifugo walipotushinda, ni wanakijiji wa Kahama na jirani zake waliounda Basalama, yaani sungusungu. Mwano, yaani yowe la kuitana, ulipopigwa, hapana mwanamume aliyebaki kitandani. Sisemi kwamba Basalama hawakudhulumu mtu. Walidhulumu, na wako vikongwe walioteseka kwa tuhuma za uchawi. Nasema tu ya kuwa sisi ni kaumu inayojua kuitikia.

Najua wako waliovunjika moyo. Mwaka 2019 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa na vyama vyao vikajitoa katika uchaguzi wa serikali za mitaa, na wengi wakaona sanduku la kura halina maana. Uchaguzi wa tarehe 27 Novemba 2024 nao umepita, na ujao ni wa mwaka 2029. Walakini mkutano mkuu hukutana kila baada ya miezi mitatu, hivyo kati ya uchaguzi na uchaguzi pana mikutano ishirini, na aingiaye humo haulizwi kadi ya chama. Wala kuuliza hesabu si uasi: mtendaji mwaminifu hufarijika akiulizwa, maana jina lake husafika mbele ya watu.

Basi shime, ndugu zangu. Kila kaya imtoe mtu mmoja, na kila kitongoji kiwapitie majirani jioni ya kuamkia mkutano kama tunavyopitiana tukipata msiba. Wenye karasha wazizime kwa asubuhi moja, ili asomaye asikike hata kwa aliyekaa nyuma. Vijana wanaojua kuandika wakae mbele na daftari zao, kila tarakimu isomwayo iandikwe, ilinganishwe na ile iliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo. Na kama ubao hauna kitu, hilo nalo lisemwe, liingizwe katika muhtasari. Kina mama wasiachwe nyuma kwa kisingizio cha jiko, kwani wao ndio watembeao mwendo mrefu kwenda kuteka maji huku taarifa ikisema kisima kipo.

Mimi nitafika saa tatu asubuhi, na kigoda changu. Swali langu nimekwisha kuliandika: mifuko ya saruji ilikuwa mingapi, na ni nani aliyeipokea.