Kipaji peke yake hakijengi timu: somo la Kuminga na Biyombo

Namba 7 inawafuata Wakongomani. Bismack Biyombo, mzaliwa wa Lubumbashi, alichaguliwa wa saba katika drafti ya NBA mwaka 2011. Emmanuel Mudiay wa Kinshasa akachaguliwa wa saba mwaka 2015. Tarehe 29 Julai 2021 ikawa zamu ya Jonathan Kuminga, mtoto wa Goma, aliyechukuliwa na Golden State Warriors. Kila mara shangwe ilikuwa ileile: kijana amefika. Lakini usiku wa drafti, ambapo timu huchagua vijana kwa zamu, haumalizi kitu. Swali gumu huanza kesho yake: kijana huyu atacheza kando ya nani?

Wapimaji wa vipaji huangalia kinachoonekana: urefu, mikono, mbio, kuruka, umri. Kwa hayo yote Kuminga alistahili nafasi yake. Alikuwa na miaka 18, urefu wa zaidi ya mita 2, na nguvu ambayo wengi hawana. Mtupo wake wa mbali ndio uliotia mashaka. Kijana wa namna hiyo anahitaji dakika nyingi uwanjani, na ruhusa ya kukosea.

Warriors hawakuwa na nafasi ya makosa. Stephen Curry alikuwa na miaka 33 na alitaka kombe mara moja. Hata hivyo, viongozi wa timu walikuwa wamemchukua James Wiseman, kijana wa miaka 19, katika nafasi ya pili mwaka 2020. Usiku uleule wa Kuminga wakamwongeza Moses Moody katika nafasi ya 14. Walitaka kushinda leo na kulea watoto wa kesho katika nyumba moja. Mwaka 2022 walitwaa ubingwa, na Kuminga akapata pete, lakini katika fainali alicheza kidogo sana. Wiseman aliondoka Februari 2023.

Mambo yalionekana wazi zaidi mwaka 2025. Jimmy Butler alikuwa amefika mwezi wa Februari. Butler na Draymond Green ni wachezaji wakubwa, lakini wapinzani hawaogopi sana mitupo yao ya mbali. Ukimweka Kuminga kati yao, walinzi wanawaacha wote watatu na kumsonga Curry. Kwa hiyo mwezi wa Aprili kocha Steve Kerr alimwacha Kuminga benchi mchezo mzima, zaidi ya mara moja. Kisha Curry akaumia paja katika mchezo wa kwanza dhidi ya Minnesota. Mpira ukamrudia Kuminga mikononi, na katika mchezo wa tatu, tarehe 10 Mei, akafunga pointi 30. Timu ilishindwa siku hiyo, lakini jibu lilipatikana. Kijana hakuwa amebadilika ndani ya wiki chache. Kilichobadilika ni nafasi aliyopewa.

Wako wanaomlaumu kocha. Wako pia wanaosema kijana alichelewa kujifunza kazi ndogo: kulinda, kugombania mipira inayorudi, kukimbia bila mpira. Kila upande una ukweli wake. Lakini kosa la kwanza ni la waliopanga orodha: walipima kipaji bila kupima pengo lililopaswa kuzibwa.

Kisa cha Biyombo kinafundisha hayohayo. Tarehe 21 Mei 2016, akiwa na Toronto, alikusanya ribaundi 26 dhidi ya Cleveland ya LeBron James. Kazi yake ilijulikana: kulinda kikapu na kuwaachia wengine kufunga. Wiki chache baadaye Orlando Magic ikampa mkataba wa miaka 4 wa dola milioni 72. Lakini Orlando tayari ilikuwa na Nikola Vucevic katikati, na ilikuwa imemleta Serge Ibaka wa Kongo-Brazzaville. Kwa sababu warefu walijaa, Aaron Gordon, mwenye nguvu za kucheza karibu na kikapu, alisukumwa pembeni. Timu ilimaliza msimu na ushindi 29 na vipigo 53, na Ibaka aliondoka kabla msimu haujaisha. Mmoja mmoja, watu hao walikuwa wazuri. Pamoja, walikanyagana miguu.

Gordon huyohuyo alihamia Denver mwaka 2021. Huko alimkuta Nikola Jokic, mgawaji wa mipira aliyechaguliwa wa 41 mwaka 2014, na Jamal Murray mwenye mtupo wa mbali. Kazi yake ikawa wazi: kumkaba mshambuliaji mkali wa upande wa pili na kukimbilia kikapuni. Mwaka 2023 wakawa mabingwa.

Hapa ndipo makocha wa vijana wa Goma, Bukavu na Lubumbashi wanapohusika. Mara nyingi mrefu wa mtaa huambiwa asimame chini ya kikapu, na hakuna anayemfundisha kutupa kutoka mbali wala kugawa mpira. Kisha kijana husafiri na kukuta kwamba warefu ni wengi, na anayekosekana ni yule wa kumsaidia mwenzake. Dikembe Mutombo, aliyechaguliwa wa nne mwaka 1991, alidumu misimu 18 kwa kazi moja aliyoijua kuliko wote: kuzuia mitupo.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Timu inayochagua kijana ipime kwanza vidole ilivyonavyo. Mzazi naye, anaposikia jina la mwanawe likitajwa, asiulize namba ngapi tu. Aulize pia: pale anapokwenda, ni kazi gani inamngoja?