Ukurasa Mmoja Kuhusu Kalengyere

Katika toleo hili hamtakuta, chini ya jina la mwandishi yeyote, idadi ya machapisho yake wala hesabu ya mara ambazo kazi zake zimerejelewa na wenzake. Wasomaji wetu kadhaa waliomba tuziweke, na ombi lao lina msingi. Anayesoma makala ya mtaalamu wa mimea na kuvu ana haki ya kuuliza: huyu ni nani, na wenzake wanamsikiliza kiasi gani? Nimekataa hata hivyo. Na kwa kuwa toleo zima linahusu mimea na kuvu, tena linahaririwa hapa Saint Paul, Minnesota, ambako sayansi hiyo ni kongwe kuliko namba zenyewe, nadaiwa maelezo.

Eugene Garfield alipoanza kuchapa faharasa yake ya marejeo ya sayansi huko Philadelphia mwaka 1964, alikusudia chombo cha kutafutia makala: ukiijua kazi moja ya zamani, uwapate wote waliojenga juu yake. Kupimia watu kulikuja baadaye. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch akapendekeza kipimo kinachoitwa h. Mtafiti mwenye h ya 20 ana makala 20 ambazo kila moja imerejelewa angalau mara 20. Ni hesabu nyepesi, na wepesi huo ndio ulioiingiza kwenye kamati za ajira na vyeo kila bara.

Lakini h haiwezi kuzidi idadi ya makala ulizoandika. Raymond Lindeman alisomea udaktari Chuo Kikuu cha Minnesota akichunguza kijiziwa cha kinamasi huko Cedar Creek, kaskazini mwa Minneapolis. Makala yake kuhusu namna nishati inavyopita kutoka kwa mimea hadi kwa walaji ilikataliwa kwanza na wapitiaji, ikatetewa na G. Evelyn Hutchinson wa Yale, ikatoka mwaka 1942, miezi michache baada ya mwandishi kufariki akiwa hajatimiza miaka 27. Ikolojia ya leo haifundishwi bila makala hiyo. Kwa kipimo cha h, Lindeman atabaki mtafiti mdogo milele.

Mtaniambia huyo alikatizwa na kifo, si mfano wa haki. Basi tuje kwenye kutu ya shina la ngano, ugonjwa wa kuvu ambao umeunganisha mji huu na kwetu Afrika Mashariki kwa muda mrefu kuliko wahamiaji wengi wanavyojua.

Mwaka 1998, katika kituo cha utafiti cha Kalengyere, nyanda za juu za kusini magharibi mwa Uganda, ngano yenye jeni iitwayo Sr31 ilionekana ina kutu. Hilo halikutarajiwa kabisa. Jeni hiyo ilikuwa imeizuia kutu ya shina kwa miaka mingi, na ilikuwa imeshaingizwa katika mbegu za ngano za nchi nyingi duniani. Sampuli ilipelekwa Afrika Kusini kwa mtaalamu wa magonjwa ya mimea Zacharias Pretorius. Mwaka 2000 yeye, Ravi Singh, William Wagoire wa Uganda na Thomas Payne wakatoa taarifa katika jarida la Plant Disease. Ilikuwa na ukurasa mmoja. Kutu hiyo ikapewa jina Ug99, yaani Uganda, 1999, mwaka ilipothibitishwa, na ule ukurasa umerejelewa mamia ya mara.

Saint Paul inaingia hapo. Wizara ya Kilimo ya Marekani ina maabara kwenye kampasi ya Chuo Kikuu cha Minnesota hapa, Cereal Disease Laboratory, na sampuli za kutu kutoka Afrika Mashariki zililetwa huko. Kwa tahadhari, kutu hai kutoka ng'ambo ilishughulikiwa miezi ya baridi kali, Desemba hadi Februari, ili hata chembe ikiponyoka nje ikute theluji na mashamba matupu. (Sisi tuliotoka nchi za joto tumeilaani sana baridi hii, kumbe nayo ina kazi.) Yue Jin na wenzake waliipaka kutu hiyo kwenye miche ya ngano ambayo jeni zake zinajulikana, makundi ya miche minne minne, wakaangalia upi umeugua na upi umesimama. Kila kundi lina majibu 16 yanayowezekana, na kila jibu lina herufi yake, konsonanti tupu bila irabu hata moja. Mfumo huo ulitungwa na Alan Roelfs wa maabara hiyohiyo pamoja na Martens wa Kanada. Ndivyo Ug99 ilivyopata jina la pili lisilotamkika, TTKS, na kundi la tano lilipoongezwa, TTKSK.

Mwaka 2006 ukatoka ukurasa mwingine katika Plant Disease, wenye majina ya Ruth Wanyera na Miriam Kinyua wa Kenya pamoja na Jin na Singh: kutu ile imeenea Afrika Mashariki. Mwaka uliofuata mbegu ya KS Mwamba, iliyokuwa ikitegemea jeni nyingine, Sr24, ikapigwa vibaya katika mashamba ya Kenya, kwa kuwa kutu ilikuwa imejifunza kuishinda jeni hiyo pia.

Sasa tazameni namba inavyokwenda. Kila kutu inapovuka mpaka, iwe Ethiopia, Yemen au Iran, watafiti wapya wanaandika, na wote wanaanza kwa kuurejelea ukurasa wa mwaka 2000. Marejeo hupanda balaa likipanda. Kule Njoro, Kenya, kwa upande mwingine, maelfu ya mbegu za majaribio kutoka nchi nyingi hupandwa kila msimu na kuachwa makusudi zishambuliwe, na watu hupita safu kwa safu wakiandika shina limeliwa kiasi gani. Norman Borlaug, mtaalamu mashuhuri wa kuzalisha mbegu za ngano, alikwenda huko mwaka 2005, akiwa na miaka 91, kwa sababu alijua mahali penye kazi. Mbegu zinazostahimili hurudi zilikotoka, hupandwa, na haziugui. Mkulima wa Narok ambaye ngano yake haikuugua haandiki makala. Janga lililozuiwa halina wa kulirejelea, na aliyelizuia haonekani kwenye jedwali.

Borlaug mwenyewe alipata udaktari wake hapa mwaka 1942, katika idara iliyoongozwa na Elvin Charles Stakman, yule ambaye jengo la kampasi lina jina lake. Stakman ndiye aliyeonyesha kwa uzito kwamba kutu ya shina ni aina nyingi zinazofanana kwa macho, tofauti yake ikiwa ni ngano gani kila moja inaweza kuishambulia. Mwaka 1922 yeye na Moses Levine walitoa mwongozo wa kuzitambua. Haukutoka katika jarida lenye sifa. Ulitoka kama taarifa ya kiufundi ya kituo cha majaribio ya kilimo cha Minnesota, na mwongozo wa mwaka 1962, wa Stakman, Stewart na Loegering, nao ulikuwa kijitabu cha Wizara ya Kilimo. Mizani iliyomo, kuanzia 0 kwa mche usio na alama hadi 4 kwa mche uliojaa malengelenge makubwa, ndiyo inayotumika hadi leo kila mahali panapopimwa miche kwa kutu hii. Zana za kuhesabu marejeo zilijengwa kwa ajili ya makala za majarida. Kijitabu cha serikali huingia humo kwa kuchechemea, leo kwa kichwa hiki, kesho kwa kingine. Na wapo wengi wanaoandika «mche ulipata 3» bila kumtaja mtu yeyote. Kazi imefaulu kiasi kwamba imempoteza mwenyewe.

Kuna ambao hawakupata hata nafasi ya kusahauliwa. Borlaug alipokuwa Mexico katika miaka ya 1940, alihitaji ngano inayoikinza kutu ya shina, na mojawapo ya alizotumia ilitoka Kenya. Kentana 48 ni mtoto wa ngano ya Kenya na ngano ya Kiitaliano iitwayo Mentana. Kenya ilikuwa na ngano za aina hiyo kwa sababu ya hasara: kutu ilimteketezea Lord Delamere mazao yake kule Njoro mwanzoni mwa karne ya 20, na tangu hapo uteuzi wa mbegu ukawa kazi ya kudumu katika eneo hilo. Vibarua waliopalilia na kuvuna mashamba yale hawamo kwenye faharasa ya Garfield, wala katika yoyote iliyoifuata. Kwa maoni yangu hilo ni pengo kubwa kuliko kasoro zote za h zikijumlishwa.

Sisemi namba ni uongo. Nimeishi ndani ya vyuo vya kutosha kujua zilikuja kuondoa nini. Kabla yake cheo kilitegemea mkuu wa idara anakupenda kiasi gani, ulisoma na nani, na ukoo wako ni upi. Mhadhiri kijana asiye na mtu wa kumshika mkono angalau anaweza kuweka orodha mezani na kusema, hesabuni. Sitaki kumnyang'anya orodha hiyo. Ninachokataa ni kamati inayoishia kwenye kuhesabu. Vyuo vyetu vya Afrika Mashariki vinatoa pointi kwa kila chapisho, na matokeo tunayaona: utafiti mmoja unakatwa vipande vitatu ili utoe pointi tatu, na majarida ya kulipia yasiyopitia chochote yanastawi kwa pesa za wahadhiri wanaokimbizana na tarehe ya kupanda cheo. Azimio la San Francisco la mwaka 2012 lilishaonya dhidi ya kumpima mtafiti kwa sifa ya jarida alilochapishia. Vyuo vingi vimelitia saini. Kulifuata ni habari nyingine.

Wataalamu wa mimea na kuvu wanaumizwa zaidi na mtindo huu kuliko wengi. Ngano ina msimu wake na haiharakishwi na muhula wa chuo. Kutoa mbegu moja inayofaa kunaweza kula miaka kumi, na kutu ikabadilika katikati ya safari. Makavazi ya kuvu, orodha za aina, mkusanyiko wa kutu uliohifadhiwa kwenye baridi kali: haya ni matokeo ya utafiti, tena yanayodumu, lakini mtunzaji wake akienda kuomba cheo anaulizwa, makala ziko wapi?

Kwa hiyo tumechagua njia yenye kazi zaidi kwetu. Chini ya kila jina katika toleo hili mna sentensi tatu au nne: mwandishi anachunguza mmea gani au kuvu gani, sampuli zilitoka wapi, nani alizikusanya, na nani anatumia matokeo nje ya chuo. Sentensi ya tatu imetusumbua kuliko zote. Waandishi wawili walitupigia simu kuuliza kama majina ya mafundi wa maabara na wakulima yanaruhusiwa. Yanaruhusiwa, wenyewe wakiridhia.

Kwa wale watakaotuletea makala za toleo lijalo, walio hapa Minnesota na walio nyumbani: tuleteeni hayo manne, na acheni h yenu kwenye wasifu wa kazi. Kwa wale mnaokaa kwenye kamati za vyeo, someni walau kazi moja ya mwombaji mwanzo hadi mwisho kabla ya kufungua jedwali la marejeo. Ile ya Pretorius, Singh, Wagoire na Payne ingewachukua dakika tano. Makala itakayofika mezani kwangu ikiwa na namba tu badala ya maelezo, nitairudisha.