Bima Zetu Zikihamishwa, Tuambiwe Kabla

Kampuni ya bima ikiuza biashara yake kwa kampuni nyingine, hati zetu huhama pamoja nayo, kama shehena ihamishwayo toka jahazi hili hadi lile. Twaona yapasa mwenye mali apashwe habari kabla ya shehena kuguswa, wala si baada ya jahazi kutweka tanga.

Wengi wetu tulikata bima ya maisha tulipoanza kazi. Ada hukatwa katika mshahara kila mwezi, na hati tumeiweka sandukuni bila kuisoma. Aghalabu aifunguaye ni mjane.

Na tumfikirie mwenzetu aliyestaafu akarejea kwao Mlingotini. Gazeti la Dar es Salaam humfikia kwa bahati. Gazeti la Serikali halimfikii kabisa. Barua zake hupitia sanduku la posta la Bagamoyo, pengine sanduku la ndugu. Tangazo lililochapwa mara moja mjini, kwa Kiingereza cha mawakili, kwake si tangazo. Akinyamaza, kimya chake kitahesabiwa kuwa ridhaa.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1869 kampuni ya Albert ya Uingereza, iliyokuwa imekwisha kumeza kampuni nyingi, ilifilisika, na watu waliokata bima kwingine kabisa wakajikuta wakimdai muflisi. Sheria ya 1870 ikaamuru kila mwenye bima ya maisha apelekewe maelezo ya uhamisho, na wakikataa wenye sehemu moja katika kumi ya fedha zote za bima hizo, mahakama isiukubali. Hata juzi, mwaka 2019, Mahakama Kuu huko ilikataa malipo ya uzeeni ya watu wapatao 370,000 yahamishwe kutoka Prudential kwenda Rothesay. Hukumu hiyo ilitenguliwa mwaka 2020, lakini wazee waliopinga walisikilizwa, kwa kuwa walikuwa wameambiwa mapema.

Hapa kwetu, bima ilipotiwa mikononi mwa Shirika la Bima la Taifa baada ya Azimio la Arusha la 1967, mtu hakuhitaji kuuliza sana aende wapi. Sheria ya 1996 ilifungua mlango, kampuni zikawa nyingi, na penye wengi hapakosi kununuana. (Tusichanganye mambo: hisa zikiuzwa, mdaiwa wetu ni yule yule, bima zikihamishwa, mdaiwa ni mwingine.)

Kwa hiyo twaiomba Mamlaka ya Usimamizi wa Bima isiridhie uhamisho wa bima za maisha mpaka kila mwenye bima apelekewe barua kwa jina lake, kwa Kiswahili, yenye namba ya hati, jina la kampuni mpya, mahali pa kudai, na muda wa kupinga. Afisa akataye mishahara apewe nakala. Barua ikirudi, aulizwe mtendaji wa kijiji. Mlingotini si mahali pa kumpoteza mtu. Tutaambiwa kwamba gharama ni kubwa. Mbona njia ya kuifikia mishahara yetu kila mwisho wa mwezi haikuwa ghali?

Nasi tuna lawama yetu. Ni wangapi kati yetu, waliohamishwa vituo mara tatu au nne, waliopeleka anwani mpya? Kabla ya mkutano ujao, kila mwanachama aitoe hati yake sandukuni, aandike namba yake na jina la kampuni katika karatasi, ampe mkewe au mumewe.