Punguzeni Besi Kabla ya Kuongeza Sauti

Lalamiko la wazee wengi wanaofika kliniki za masikio ni moja: redio naisikia, ila maneno siyaelewi. Nyumbani hujibiwa kwa kuongezewa sauti. Kwa maoni yangu, tiba hiyo mara nyingi huzidisha tatizo, nasi wahudumu wa afya ni nadra kueleza sababu.

Sikio la kijana mwenye afya husikia masafa ya takriban hezi 20 hadi 20,000. Sauti hizo hazipokelewi kila moja peke yake. Ndani ya sikio mna mrija uliojikunja mfano wa konokono, na ndani yake utando ambao mwanzo wake hupokea sauti nyembamba na mwisho wake sauti nzito. Georg von Békésy, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobeli mwaka 1961, alionyesha kwamba wimbi husafiri juu ya utando huo kutoka mwanzoni. Kwa hiyo wimbi zito hupita kwanza katika makazi ya sauti nyembamba na, likiwa na nguvu, huzifunika. Sauti nyembamba haziwezi kulipiza kwa kiasi hicho. Kadiri redio inavyopandishwa, ndivyo kufunikwa huko kunavyoenea.

Sasa tuitazame lugha yetu. Saa, taa, kaa na paa zina irabu zilezile, zenye nguvu katika masafa ya chini. Kinachozitenga ni konsonanti, nayo ni fupi na dhaifu. Sauti kama s, f na sh hutegemea masafa ya juu, ambayo uzee huyapora kwanza. Mzee akiketi mbele ya sabufa iliyosukumwa kwenye kona, ambako kuta huikuza besi, tangazo la saa sita huenda akalisikia kuwa la saa tisa.

Vijana watasema muziki bila besi ni mchuzi usiotiwa chumvi. Wana hoja: Fletcher na Munson walipima mwaka 1933 wakaona kuwa, sauti ikiwa ndogo, sikio hupoteza besi zaidi. Basi besi ibaki kwa muziki. Taarifa ya habari haiihitaji.

Naomba kliniki ziongeze swali: spika ya nyumbani iko wapi, na besi imepandishwa kiasi gani? Mgonjwa aishushe, aitoe spika konani, asogee karibu. Asipoelewa bado, apimwe usikivu, na sikio lichunguliwe kwanza. Wakati mwingine ni nta tu.